Msijenge Pale Bondeni

Kisondela,
Alhamisi, 29 Mei 2025.

Mwanangu mpendwa Lutufyo,

Ugonile, mwanangu. Najua huko Dodoma watu husalimiana huku wanatembea, lakini sisi huku bado hatumwelezi mtu jambo kabla ya kumuuliza amelalaje. Basi nauliza: mmelalaje wewe na nyumba yako? Na mama yako, yale magoti yanamruhusu kufika kanisani, au bado mchungaji anamfuata nyumbani? Mwambie parachichi alizoulizia zimekomaa, na kwamba ile njia ya kupandia kutoka mtoni, aliyokuwa akiipita na mtungi kichwani, sasa inapitika kwa bodaboda.

Sisi tunaendelea kwa neema ya Bwana. Mimi mgongo unanikumbusha umri kila asubuhi, miaka sabini na miwili si mchezo. Mvua zimekatika wiki mbili zilizopita na baridi imeshuka. Ukungu unakaa bondeni mpaka saa nne, haupeperuki kwa sababu upepo hakuna. Kwa watu wengi hiyo ni habari ya hali ya hewa tu. Kwangu mimi ndiyo habari inayonifanya nishike kalamu.

Barua hii anakuletea binti yangu Esnath, ambaye kesho alfajiri anapanda basi kuja huko kumwona mumewe. Sikutaka kuyasema haya kwa simu. Nilijaribu. Mwezi wa tatu nilikupigia kukuomba usimjengee mama yako nyumba pale bondeni, ukaniuliza sababu, nikasema mahali pale si pazuri. Mwezi wa nne nikakupigia tena, nikasema yaleyale. Ukanijibu kwa upole, lakini maneno yako sijayasahau: kwamba mama yako alifukuzwa kwa maneno hayohayo, na kwamba sisi watu wa Kisondela tukisema mahali pabaya huwa tuna maana ya mtu mbaya. Nikakuuliza habari za mvua.

Ulikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwa hiyo leo nitakueleza vizuri, kwanza kama mwalimu wa jiografia, kazi niliyoifanya miaka thelathini na minne, halafu kama baba yako mdogo. Sehemu ya kwanza ni rahisi kuandika.

Ardhi tunayoikanyaga si kipande kimoja. Gamba la dunia limekatika mabamba makubwa, nayo yanaelea juu ya miamba yenye joto kali sana, kama utando unavyoelea juu ya uji uliotoka jikoni. Na kama utando, hayatulii. Bara letu linachanika. Upande mmoja unavutwa mashariki, mwingine magharibi, polepole kuliko ukucha wa mguu unavyoota, lakini halijapumzika hata siku moja tangu kabla ya Adamu. Linapochanika, katikati panadidimia: hilo ndilo Bonde la Ufa. Mkono wake mmoja unatoka upande wa Rukwa, mwingine unatoka upande wa Usangu, wa tatu unashuka kwenda Ziwa Nyasa. Chukua ramani, fuata kila mkono kwa kidole. Vidole vyote vitakutana hapa petu.

Wanafunzi wangu walikuwa wakicheka nikiwaambia kwamba wanakaa kwenye mshono wa dunia uliofumuka. Lakini kila walichozoea kukiona kilitoka humo. Mlima Rungwe, Kyejo, lile ziwa la Ngosi lililojaa ndani ya mlima uliobomoka, Daraja la Mungu ambalo ni mwamba ulioyeyuka ukapoa juu ya mto Kiwira, chemchemi za maji ya moto, yote ni kazi ya mpasuko huo. Na udongo huu mweusi unaotulisha ndizi, chai na viazi ni majivu ya milima hiyo. Tunakula kwa sababu ardhi iliungua. Mlima Kyejo wenyewe ulitapika moto mara ya mwisho wakati wa babu wa babu zetu, na kwa umri wa mlima hiyo ni jana jioni.

Nisamehe, ualimu hautoki. Nakuja kwenye jambo lenyewe.

Mlima usiotapika haujalala. Chini kule kuna mwamba wa moto, na mwamba huo hutoa hewa ukaa, ambayo hupanda kwa kufuata nyufa. Upande wa Kyejo watu huivuna na kuitia kwenye chupa za soda, na ukinywa soda ukacheua, umecheua pumzi ya mlima wetu. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kwa hiyo inapotoka haipandi mbinguni, inatiririka kama maji na kujaa mahali pa chini: shimoni, mfereji, bondeni. Upepo ukivuma, inatawanyika. Usipovuma, inajaa tu. Moto ukiingia humo unakufa. Mtu akiingia, hakohoi wala hapigi kelele. Magoti yanamlegea, basi.

Bonde lenu lina ufa. Najua unapopita: unaanzia kwenye chemchemi, unakatiza chini ya ule mkuyu uliokauka upande mmoja, na unapita pale ulipomwambia fundi aweke vyumba vya nyuma.

Tangu mwezi wa pili ardhi imetikisika hapa mara nne. Si matetemeko ya kuangusha nyumba, ni ya kugonganisha vikombe kabatini. La tatu lilipasua ukuta wa jiko langu. Baada ya hilo, chemchemi ya bondeni ikaanza kutoa mapovu kama sufuria inayokaribia kuchemka, lakini maji yake ni baridi. Nikaenda kuangalia, nikakuta vyura saba ukingoni na kunguru mmoja, wote wamekufa, hakuna hata mmoja mwenye jeraha.

Wiki ya Pasaka mafundi walikuwa wanachimba shimo la choo. Fundi Jairo, huyo uliyempa kazi, alifika urefu wa kifua chake akaanguka. Walimvuta haraka kwa kamba, akazinduka, akatapika. Wenzake walicheka mpaka wakakaa chini, wakasema kimpumu cha jana kimemrudia, na Jairo mwenyewe akakubali kwa sababu ni kweli alikunywa. Nilipowaeleza habari ya hewa, akaniuliza mbele ya wote, “Mwalimu, hewa gani hiyo isiyonuka? Hata ushuzi unanuka!” Mwingine akasema wazee wakistaafu hawana mtihani wa kusahihisha ndiyo maana wanasahihisha mashimo. Wakahamishia choo upande wa juu, kwa kuwa pale chini “pana mwamba mgumu.” Nyumba wakaendelea nayo.

Jumanne ya wiki hii nilikwenda asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala. Hakuna aliyekuwa amefika. Niliingia kwenye kile chumba cha nyuma, kilichokwisha kupigwa plasta, nikawasha kibatari na kukiweka sakafuni. Kikazimika. Nikakiwasha tena nikakishika usawa wa goti. Kikayumba, kikazimika. Nikakiweka kwenye dirisha, kikawaka vizuri kabisa. Nilifanya hivyo mara tatu, mpaka kichwa kikaanza kunizunguka nikatoka nje kwa kushika ukuta.

Gloria, binti yako, ameniambia kwamba Jumatatu anahama Kyimo alikopanga na kuingia kwenye chumba hicho na mtoto, ili awe karibu na mafundi. Kitanda bado hakijachongwa. Watatandika godoro chini.

Usifikiri sikumwambia. Nilimwita siku hiyohiyo aje aone, akafika saa saba mchana. Lakini saa saba upepo ulikuwa umeamka, na kibatari changu kikawaka sakafuni kama mshumaa wa madhabahuni. Mafundi wakapiga makofi. Gloria hakucheka, ana adabu yule mtoto, aliniambia tu, “Babu, baba amesema tujenge hapa, na bibi anataka hapa. Mimi nitamwambiaje?” Ni kweli. Kauli ni yako. Na wewe huwezi kuniamini mpaka ujue nimejuaje.

Basi nianze upya, kwa sababu mpaka hapa nimekueleza ardhi tu.

Mwaka 1970 baba yangu Gidion, babu yako, alikuwa anamwoza dada yetu. Wageni walikuwa wengi, akaamua lichimbwe shimo la kuvundikia ndizi kubwa kuliko yote tuliyokuwa nayo, refu kumzidi mtu, nalo lichimbwe bondeni, karibu na nyumba ya kaka yangu Lazaro, kwa kuwa udongo wa pale ulikuwa na uvuguvugu na ndizi zingewiva upesi. Hatukujiuliza uvuguvugu huo unatoka wapi. Lazaro, baba yako, alikuwa kwenye machimbo ya shaba Zambia. Mama yako alikuwa na miaka ishirini na mbili, wewe ukiwa mgongoni.

Unajua desturi yetu ya mkwe, ingawa hukukulia hapa. Siku hizi imelegea, lakini wakati ule ilikuwa sheria. Mke wa mtoto hakumsemesha baba mkwe, hakumtaja jina, hakupita njia aliyokuwa akija nayo. Akimwona kwa mbali alijificha migombani mpaka apite. Kama alikuwa na neno la kumfikishia, alimtuma mtu. Ilikuwa heshima, na wanawake wetu waliibeba bila kulalamika.

Kazi ya mama yako siku ile ilikuwa kupasha shimo joto kwa moto kabla ndizi hazijaingizwa. Baadaye asubuhi hiyo baba alikuja kuona kwa nini moshi hautoki. Mama yako alipomwona anakuja alirudi nyuma migombani kama ilivyompasa. Baba aliweka ngazi akashuka, huku akinung'unika kwamba wasichana wa siku hizi hawajui hata kuwasha moto. Hakupanda tena. Mama yako alitoka mbio kwenda kumwita jirani yetu Ambindwile, aliyekuwa akipalilia upande wa pili. Ambindwile akaja, akashuka kumtoa baba. Naye hakupanda. Aliyeshuka wa tatu walimfunga kamba, wakamvuta kabla hajafa.

Watu wawili wazima, wenye afya, hawana alama mwilini, wamekufia kwenye shimo lililoandaliwa na mwanamke mmoja. Na watu wamemwona akikimbia kutoka pale. Unafikiri walisema nini?

Wazee walikaa siku ya tatu baada ya mazishi. Walimuuliza kwa nini yeye aliyeingia na kutoka shimoni tangu asubuhi hakufa. Aliwajibu kwamba hakuingia, alikuwa akirusha makaa kutoka juu, na makaa yalizimika kila yalipofika chini kana kwamba yamemwagiwa maji. Wakamuuliza: basi uliona jambo baya, mbona ulinyamaza mzee wa watu akashuka? Ulikuwa umesimama hatua kumi tu. Hata kupiga kelele? Akasema asingeweza kumpigia kelele baba mkwe. Mmoja akacheka, akasema heshima ya namna hiyo inazika watu.

Siku mbili baadaye walimfukuza, akaenda kwa ndugu zake Chunya, na wewe mgongoni. Ndizi za harusi zilioza. Baba yako aliporudi alikuta habari imekwisha kuiva, akaiamini, akaoa mwingine, akafa mwaka 1994 akiwa bado anaiamini.

Mimi niliielewa mwaka 1976, nikiwa chuo cha ualimu. Mkufunzi wetu aliweka mshumaa ndani ya ndoo, akachanganya siki na magadi kwenye jagi, halafu akaanza kumimina kutoka kwenye jagi kitu kisichoonekana. Hakumimina maji, aliinamisha jagi tu. Mshumaa ukazimika. Darasa likashangilia. Mimi nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya jiko la chuo. Nilikuwa nimemwona mama yako akirusha makaa.

Sasa utaniuliza, nilimwonaje?

Mwanangu, nimeacha mstari mtupu hapo juu kwa sababu nilisimama, nikaenda nje, nikarudi.

Asubuhi ile, kabla baba hajashuka bondeni, mama yako aliniita. Mimi nilikuwa shemeji yake mdogo, miaka kumi na saba. Mimi ndiye mtu wa nyumba ile aliyeweza kuongea naye bila mwiko wowote, na mara nyingi alikuwa akinituma kwa baba. Alirusha makaa mbele yangu ili nione. Akaniambia, “Shemeji, kimbia kamwambie baba shimo hili lina kitu. Moto unakufa, na mimi nikiinama kichwa kinazunguka. Asije akashuka.” Nikamwambia nitamwambia. Aliniagiza mara mbili. Alisimama akinitazama mpaka nikapinda kona.

Sikumwambia. Nilikutana na wenzangu njiani wanakwenda Bulyaga kutazama mpira, nikawasimulia kwa kicheko kwamba mke wa Lazaro kashindwa kuwasha moto sasa anasingizia shimo. Tukacheka wote. Nilipita mbele ya baba amekaa uani anafunga jembe mpini, akaniuliza nakwenda wapi, nikamjibu narudi sasa hivi. Lilikuwa neno la mwisho nililomwambia.

Kwenye kikao cha wazee mama yako hakunyamaza. Alisema, “Nilimtuma Asajile.” Wote wakageuka. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nikaulizwa kama ni kweli. Nikasema sikutumwa kitu.

Nilisema maneno hayo mawili basi. Hakubisha. Aliinama akakaza kanga aliyokubebea. Kwa jinsi ulivyonisalimia kwa heshima miaka yote hii, ukanitumia koti nilipostaafu, ukampa mwanao wa pili jina langu, najua hakukuambia. Sijui kwa nini hakukuambia. Nimeogopa kumuuliza.

Kwa hiyo ukisikia nasema bonde lile linaua, ujue simsemi mama yako. Nasema kama mtu aliyeonyeshwa kwa macho, akaambiwa afikishe, akapita. Mwaka 1981 ukoo uliponipa nafasi ya kuchagua mahali pa kujenga, nilichagua huku juu mgongoni mwa kilima penye upepo, na bonde nikaliacha. Watu walisema Mwalimu anapenda mandhari. Nililiacha hadi wewe ulipolitaka, na hata hapo nilitaka kukuzuia bila kulipia gharama yake.

Nyumba yangu ina vyumba vinne, paa zima, upepo usiku na mchana. Nimezungumza na Esnath, nitahamia kwake Bulyaga wiki ijayo. Mama yako akija aingie humu. Shamba linalozunguka nyumba ni lenu, na karatasi nimekwisha kuandika mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Jumapili hii baada ya ibada nimewaomba wazee wa ukoo wabaki. Kati ya waliokaa kwenye kikao kile wamebaki watatu, na mmoja wao hasikii vizuri. Nitapaza sauti. Hilo nitalifanya hata kama utaichana barua hii.

Siombi unisamehe katika karatasi hii, nisije nikaonekana nimeiandika kwa ajili hiyo. Kama mama yako bado anaweza kusikiliza, msomee yote, hata pale ninapojieleza. Kama utaona ni vizuri aisikie kutoka kinywani mwangu, nitakuja.

Wasalimie wote nyumbani, mkeo na watoto, na huyo anayebeba jina langu. Majirani wa hapa wanawasalimu. Mungu awe kati yetu.

Mwanangu, Esnath atakuwa amekukabidhi barua hii Ijumaa jioni. Jumatatu Gloria anatandika godoro. Usiirudie kuisoma kutoka mwanzo, wala usinipigie mimi. Mpigie Gloria kwanza.

Ni mimi baba yako mdogo,
Mwalimu Asajile Gidion